Mita Sitini za Shaibu

Mwalimu mkuu aliponiomba niandike machache kwa ajili ya walimu wa michezo wanaobaki, nadhani alitaka orodha ya vikombe. Vikombe vipo kabatini, vimeandikwa majina, na viwili kati yake ni vya netiboli ambavyo mimi sikuhusika navyo hata kidogo. Mimi nilikuwa mwanzishaji wa mbio. Ukiacha kufundisha jiografia, kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa kusimama pembeni mwa mstari, kusema maneno mawili na kugonga vibao. Nitaandika hayo. Nitaandika na habari za Shaibu, kwa sababu nisipoziandika mimi zitabaki zile zinazosimuliwa sokoni, na zile si kamili.

Nilianza kazi Masasi, nikiwa binti mwembamba aliyetoka chuo cha ualimu na masanduku mawili. Siku ya kwanza nilikabidhiwa darasa la tano, chaki nusu boksi na mpira usio na upepo. Siku ya pili alikuja mtu mzima kwa baiskeli, Mwalimu Namahala, aliyekuwa akisimamia michezo ya shule zote za tarafa ile. Aliniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Binti, unaweza kupaza sauti?"

"Naweza, Mwalimu."

"Paza."

Nikapaza. Darasa la jirani lote likasimama, likidhani mkaguzi ameingia.

"Basi," akasema, "wewe utaanzisha mbio."

Huo ndio usaili pekee niliofanyiwa katika fani hii.

Bastola ya kuanzishia hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, kuiombea kibali kungechukua muda mrefu kuliko msimu wenyewe. Filimbi haifai kwa mbio fupi. Sauti yake inapanda polepole, na kila mkimbiaji anaamua mwenyewe imeanza wapi. Tulitumia vibao: mbao mbili za mninga zilizounganishwa kwa bawaba, unazifungua kama kitabu na kuzigonga kwa nguvu. Vyangu alinitengenezea fundi mmoja wa Mkomaindo ambaye kazi yake hasa ilikuwa vitanda, kwa hiyo vilikuwa na nakshi pembeni kama kichwa cha kitanda cha harusi. Upande wa ndani nilivipaka rangi nyeupe. Anayeshika saa kule mwisho asiwashe saa kwa kusikia. Sauti inachelewa kumfikia. Awashe kwa kuona weupe unapofungika. Hili bado linafaa, hata kwa nyinyi mnaotumia simu.

Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Kila mkimbiaji alichimba vishimo vyake viwili vya kukanyagia kwa kijiko au kipande cha jembe, na baada ya mbio alitakiwa avifukie. Hakuna aliyefukia. Mwalimu wa zamu aliwahi kuteguka kifundo akikimbiza mbuzi aliyekuwa anakula ushindi wetu, maana riboni ya kumalizia ilikuwa ya karatasi.

Mashindano yangu ya kwanza makubwa yalikuwa Chidya. Wazazi walijaa, na wanafunzi wa sekondari walikuja kutazama. Nilisema, "Kwenye mstari!" Nikasema, "Tayari!" Halafu nikaharakisha, nikagonga kabla wasichana wawili hawajatulia. Mmoja alianguka kifudifudi. Mama yake alivuka uzio akaja kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Jioni ile Mwalimu Namahala alinikalisha kwenye benchi la kanisa, akaniambia jambo ambalo ningelishika, nisingekuwa na sababu ya kuandika kurasa hizi. Alisema, "Usihesabu moyoni. Angalia viuno vyao. Vikitulia vyote, gonga. Leo vitatulia upesi, kesho vitachelewa. Wewe vifuate."

Nilimwitikia. Lakini hofu ya yule mama ilikuwa imeshanikaa, nami nikatafuta kitu cha kujishikia. Nikawa nikishasema "Tayari" nahesabu moyoni: moja, mbili, navuta pumzi, nagonga. Kila mara hivyo hivyo. Hakuna aliyeanguka tena. Watu wakanisifu kwa utulivu, na mimi nikaacha kuangalia viuno.

Baadaye nilihamishiwa Newala. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mambo yanafunguliwa huku na kufungwa kule. Maduka yalijaa vitu, na kiwanda cha kubangua korosho, ambacho kilikuwa na timu ya mpira, ya netiboli na ya riadha, kilikuwa kinafanya kazi siku mbili kwa wiki. Shaibu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Alitoka Chilangala, umri wake kama miaka ishirini na miwili, mfupi, mapaja mazito, mpole wa kusema. Aliajiriwa kwenye mashine za kuchambua, lakini kila mtu alijua aliajiriwa kwa sababu ya miguu.

Alikuja kwangu mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu. Wameniambia wewe ndiye unayejua mbio fupi."

"Marahaba. Najua kuzianzisha," nikamwambia. "Kukimbia utakimbia wewe."

Tulifanya mazoezi alasiri kwenye kiwanja cha shule, mara tatu kwa wiki. Vumbi la Newala mnalijua. Kunyunyizia kiwanja maji hakukufikirika, wakati mama zetu walikuwa wanashuka bondeni kutwa nzima kwa ajili ya ndoo moja. Shaibu alikimbia peku mpaka siku alipochambua marobota ya mitumba kule Masasi na kukuta viatu vya misumari, vya kijani, kimoja kimepungukiwa misumari miwili. Muuzaji hakujua ni vya nini. Alidhani ni vya kupandia minazi.

Kuanza kwake kulikuwa ajabu. Nikigonga, yeye ameshatoka. Wenzake walikuwa bado wanainua vichwa na yeye yuko hatua mbili mbele, na katika mbio fupi hatua mbili zinatosha kumaliza mazungumzo. Aliwashinda wote wa wilaya, halafu wa mkoa, halafu wa kanda, na mashindano yote hayo mwanzishaji nilikuwa mimi. Watu walisema ana masikio ya swala. Mimi nilisema ni kipaji, na niliposema hivyo nilikuwa natabasamu kama mtu anayesifiwa mwenyewe.

Kisha wakamwita Dar es Salaam kwa majaribio. Nafasi ilikuwa moja tu, ya kwenda Ulaya kwenye mashindano ya dunia yanayofanyika ndani ya ukumbi, mbio za mita sitini kwa wanaume. Kule walitumia bastola. Shaibu alikuwa wa tatu. Aliporudi alinieleza, "Bastola yao ilinichelewesha, Mwalimu." Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza, kwa sababu habari iliyofuata ilikuwa tamu mno: wa kwanza alikuwa ameumia paja, wa pili hakuwa na pasipoti na muda haukutosha. Nafasi ikawa ya Shaibu.

Newala nzima ilijua. Hakuna aliyeelewa kwa nini watu wenye ardhi kubwa kama Ulaya wakimbie ndani ya nyumba, lakini tulifurahi. Nikafikiri mtu ambaye hajawahi kukimbia chini ya paa itabidi aizoee sauti ya paa. Nikaomba ghala la ushirika. Lilikuwa tupu, wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuchukua korosho kwa wakulima na kupakia moja kwa moja kwenye malori. Mlinzi alinifungulia, akauliza, "Mbio za ndani, Mama Neema? Huko kwao mvua haikatiki?"

Urefu haukufika mita sitini. Tuliacha mlango wa mwisho wazi, Shaibu akawa anamalizia nje kwenye mchanga, ambako tulipanga magunia yaliyojazwa majani makavu ili ajizoeze kusimama ghafla. Sakafu ilikuwa ya saruji, misumari isingefaa, kwa hiyo alikimbia peku. Vishimo vya kukanyagia havichimbiki kwenye saruji. Niliegemeza ubao mnene ukutani, akaukanyaga kwa visigino.

Zilikuwa zimebaki siku nne aondoke. Nilisema, "Kwenye mstari! Tayari!" Moja, mbili, pumzi, nikagonga.

Kule nje upepo na kelele hufunika mambo mengi. Mle ghalani kila kitu kilisikika. Nilisikia ubao wa ukutani ukilia, halafu ndipo nikasikia vibao vyangu. Ulikuwa mwanya mdogo sana, mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini ulikuwepo, na ulikuwa upande usiotakiwa. Shaibu alikuwa ameondoka kabla sijagonga.

Nikarudia. Ubao, halafu vibao. Nikarudia tena. Ubao, halafu vibao.

Mara ya nne nilisema "Tayari" na nikanyamaza. Moja, mbili, na yeye akafyatuka mpaka katikati ya ghala, akasimama, akageuka.

"Vipi, Mwalimu? Vimekwama?"

"Vimekwama kidogo," nikamjibu.

Mara ya tano nilinyamaza tena kwa muda ule ule mrefu. Safari hii alijizuia. Nilipogonga, aliinuka kama mtu aliyeamshwa usingizini, mguu mmoja haujui mwingine uko wapi. Mtoto wa darasa la saba angempita. Akaenda kukaa kwenye magunia, akajishika magoti.

"Leo miguu haipo," akasema. "Labda nina homa."

Nilimtazama usoni. Alikuwa na hofu, na sikuwahi kumwona na hofu. Mlinzi alikuwa mlangoni anatazama. Nilijua kabisa nilichokuwa nimekigundua: kijana huyu hakujua kusikiliza mlio, alijua kunisikiliza mimi. Na nilijua dawa yake. Ilikuwa ni kumvumilia akimbie vibaya kwa siku tatu nne mpaka masikio yake yaanze upya. Lakini mkuu wa wilaya alikuwa amepanga kuja kesho yake kumwona akikimbia, na mimi nilitaka aonwe akiruka.

"Turudie," nikasema. Moja, mbili, pumzi, vibao.

Aliruka. Mlinzi akapiga kelele ya furaha, Shaibu akarudi anacheka, homa imekwisha.

"Umerudi sasa," nikamwambia. Aliyerudi nilikuwa mimi, kwenye hesabu yangu.

Mkuu wa wilaya alikuja, akapendezwa, akatoa hotuba ndefu kuliko mbio mia moja. Siku ya safari tulimsindikiza Shaibu na viatu vyake vya kijani vikiwa vimefungwa kwenye gazeti.

Matokeo hayakutangazwa redioni, na ukimya ule ulitosha kutuambia. Aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu, hata kwao Chilangala alikuwa hajafika. Nilimpa chai. Akaanza mwenyewe.

"Ukumbi wao una taa, Mwalimu, hujui kama ni mchana. Sakafu ni laini, nyekundu. Mwisho kuna godoro limesimamishwa ukutani, refu kama nyumba. Nikakumbuka magunia yetu."

"Halafu?"

"Yule mzee wa kuanzisha anasimama nyuma. Mlio unatokea kwenye spika, hapa, karibu na miguu. Akasema tayari kwa lugha yao. Halafu akakaa. Akakaa, Mwalimu, hata nikaona kama amesahau. Mimi nikaenda."

"Ukaenda."

"Nikafika katikati peke yangu. Wakanirudisha, wakanionyesha kadi. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mara ya pili nikajiambia, subiri. Nikasubiri, nikasubiri, mwili ukakataa. Nikaenda tena. Nilikimbia mpaka mwisho, mpaka kwenye godoro. Nilipogeuka wenzangu wote wamesimama kwenye mstari wananitazama."

Mara mbili, na kwa sheria za wakati ule mara mbili ndiyo mwisho. Alikwenda mbali kiasi kile kwa ajili ya mbio za sekunde saba, na hakuzikimbia.

"Kiongozi wa msafara alikasirika," akaendelea. "Akaniuliza nani kanifundisha kuanza. Nikamwambia hakuna, nimejifunza mwenyewe shambani."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Ah, Mwalimu." Akanywa chai yake.

Pale ndipo ningemwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilisema, "Bahati mbaya, Shaibu," naye akaitikia, "Bahati mbaya," na nikamwongezea chai.

Kiwanda kilifungwa mwaka ule ule, mlango ukatiwa mnyororo, na timu zote zikaishia hapo. Watu wakampa Shaibu jina. Walimwita Kabla. Watoto walimwita hivyo, wauza mitumba walimwita hivyo, na walimu wenzangu pia, katika chumba cha walimu, mbele yangu. Mimi nilicheka nao mara moja. Nimejaribu kukumbuka kama zilikuwa mara mbili, lakini nadhani ilikuwa moja. Nilimshawishi aje kukimbia mashindano ya wilaya yaliyofuata. Alikuja. Alipoinama kwenye mstari uwanja mzima uliimba, "Kabla! Kabla!" Akainuka, akafungua kamba za viatu taratibu, akavivua, akaondoka navyo mkononi. Vibao vilikuwa vimefunguka mikononi mwangu. Niliwaanzisha waliobaki.

Miaka michache baadaye nilipelekwa semina ya waanzishaji, na mkufunzi akatueleza kwa ubao na mishale kwamba muda kati ya "Tayari" na mlio haufai kuwa sawa kila mara, kwa sababu wakimbiaji hodari watauiba bila wao wenyewe kukusudia. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Niliporudi nilianza kuangalia viuno kama nilivyofundishwa nikiwa binti. Ilinichukua wiki mbili tu kujirekebisha. Nawaambieni hili kwa sababu ndilo lililoniumiza kupita yote. Sikuwahi kuwa na kilema kisichotibika. Ilikuwa wiki mbili za kuona aibu kidogo, nami nilishindwa kuzitoa kwa wakati.

Kuanzia hapo nilikuwa mwanzishaji mzuri. Niliwapeleka wasichana wawili wa Newala mashindano ya taifa, na nilimfungia mtoto wa mkubwa mmoja kwa kuwahi mlio mara mbili, mbele ya baba yake, nikala chakula cha mchana bila wasiwasi. Lakini kila niliponyanyua vibao nilimfikiria mtu wa Chilangala, na kila likizo nilisema nitakwenda, na kila likizo nilipata la kufanya.

Nilikwenda mwaka huu, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho. Mkewe alinipokea, "Shikamoo, Mama Neema," akaniwekea kiti, akamwita kutoka shambani. Shaibu alikuja amejaa unga wa salfa kuanzia nyusi hadi viatu, mashine ya kupulizia mgongoni. Nywele zilizoonekana chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe, na sikujua ni salfa au umri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Zuhura. Habari za miaka?"

Tuliulizana habari zote mpaka zikaisha. Mkewe alipokwenda jikoni, nikamweleza. Nilimweleza juu ya hesabu, ubao wa ukutani uliolia, na lile nililolijua siku nne kabla ya safari. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na pia, nitakuwa mkweli, nilikuwa nimejiandaa kusamehewa.

Alishusha mashine mgongoni. "Nilikuwa najua, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Hiyo mbili yako. Tangu mwaka wa kwanza. Ukivuta pumzi mabega yanapanda, na mimi nakwenda. Mwanzo niliona kama wizi. Halafu nikafikiri, Mwalimu ni mtu wa miaka mingi kwenye kazi hii, hawezi kuwa hajui. Nikaona unanipa. Nilidhani ni siri yetu sisi wawili." Alifuta uso kwa kitambaa. "Ndiyo maana kule Ulaya sikukutaja. Nilisema nikikutaja, watakufungia."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyekuwa natunza siri.

"Lakini siku ile ya ghalani," akasema. "Uliposema vimekwama."

"Havikuwa vimekwama."

"Kwa hiyo siku ile ndiyo ulijua."

"Siku ile ndiyo nilijua."

Hakupandisha sauti. Mtu asiyetujua angedhani tunazungumzia bei ya msimu.

"Na ukarudi kwenye mbili."

"Nikarudi."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga kwa miaka, kuhusu muda mfupi, kuhusu kutomvunja moyo. Nikamwambia lile la kweli. "Kwa sababu ulikuwa unapendeza ukishinda. Na mimi nilikuwa napendeza kupitia kwako."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kipimo cha dawa akaona kinatosha.

"Ningejifunza," akasema. "Siku nne zilikuwa nyingi kwangu. Labda nisingeshinda. Najua nisingeshinda, wale watu walikuwa na miguu ya namna nyingine. Lakini ningekimbia."

Mkewe alileta ugali na kisamvu, tukala. Nilimwomba aje shuleni hata siku moja awaonyeshe wanafunzi namna ya kuinama mstarini, kwa maana hakuna niliyemwona akiinama vizuri kama yeye. Alisema mikorosho bado ni mingi. Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amenishikia mkoba, akasimama nami juani mpaka gari likaja, na kwa muda wote ule aliniuliza habari za wajukuu wangu, mmoja mmoja, kwa majina.